Mkurugenzi wa Majira ya Sinema

Mambo haya yalitokea nchi ya mbali, mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji asianze kugeukageuka kuangalia nani amekaa karibu naye. Ilikuwa nchi yenye rais mmoja, na ilikuwa naye huyohuyo tangu enzi za senti yenye tundu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kusahaulika. Aliitwa Baba Mlezi. Chini yake walikuwapo mawaziri, na mmoja wao alikuwa Mheshimiwa Lumbanga, Waziri wa Burudani na Nidhamu. Hizo zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa baada ya kugundulika kwamba raia wengi walikuwa wanaburudika bila utaratibu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nyuma ya soko la vitenge, palikuwa na jumba la sinema lililoitwa Mwangaza. Bati lake lilivuja na viti vyake viliuma makalio, lakini watu walilipenda. Zakayo Mpangala aliliendesha pamoja na Bi Tunu Selemba, mjane aliyemzidi umri kidogo. Yeye alimwita Zakayo mdogo wangu, naye akamwita dada, ingawa hawakuwa na undugu wowote zaidi ya shida. Kazi waligawana vizuri: Bi Tunu alijua watu watapenda filamu gani, Zakayo alijua wataipenda lini.

"Filamu ni kama maandazi, dada," alizoea kusema. "Hata yawe matamu namna gani, ukiyaepua watu wameshakunywa chai, utayala mwenyewe."

Na majira aliyajua kweli. Kiangazi, pamba ikishauzwa na shule zikishafungwa, watu wana kitu mfukoni na watoto wanaowapanda kichwani. Filamu ikifunguliwa Ijumaa ya kwanza ya likizo, foleni hufika hadi kwenye mabucha. Masika ni habari nyingine. Barabara ni matope, mifuko imekauka, na kila mtu ama yuko shambani ama anaziba bati lake. Anayefungua filamu masika anavionyesha viti.

Sifa za Zakayo zikafika wizarani. Akaitwa, akapewa ofisi yenye zulia, gari lenye dereva, na cheo ambacho hakikuwahi kuwapo duniani: Mkurugenzi wa Majira ya Sinema. Siku alipokwenda kuaga, Bi Tunu alikuwa anashona kiti kilichopasuka.

"Huko watakuuliza lini," alimwambia bila kuinua kichwa. "Hawatakuuliza nini. Uangalie hapo."

Zakayo akaona ni wivu, akaenda zake.

*

Wizara ilikuwa imetengeneza filamu kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini. Iliitwa Miguu Iliyotangulia, nayo ilieleza maisha ya Baba Mlezi tangu akiwa tumboni, mahali ambapo, kwa mujibu wa filamu, tayari alikuwa anatoa maelekezo. Ilianza baada ya chakula cha mchana na ilipokwisha watu walikuwa na njaa ya chakula cha usiku. Sehemu kubwa ilimwonyesha Baba Mlezi kijana akienda shule kwa miguu. Anapanda kilima, anashuka kilima. Simba anampisha njia. Anafika shuleni, anamkuta mwalimu, anamfundisha.

Kijana huyo aliigizwa na mpwa wa Waziri, mtu mzima mwenye kitambi na nyayo laini, asiyeweza kutembea hata kwenda dukani. Kwa hiyo alisukumwa juu ya mkokoteni na kupigwa picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Katika Miguu Iliyotangulia yote, miguu haikuonekana hata mara moja.

Zakayo alialikwa kuitazama pamoja na wakubwa. Alisinzia kwenye kilima cha kwanza, akaamshwa na makofi, naye akapiga.

"Mkurugenzi," Waziri akamgeukia, "umeionaje?"

Jibu la kweli lilimpanda Zakayo kooni kama kiungulia. Akalimeza.

"Mheshimiwa, filamu hii inahitaji tarehe kubwa."

Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zangu," alisema, "hapo ndipo tulipokuwa tukikosea tangu uhuru. Tumekuwa tukiwapa wananchi mambo makubwa kwa tarehe ndogo. Tuliwapa kiwanda cha viberiti Jumatatu, na leo kiko wapi? Kosa halikuwa kiwanda. Kosa lilikuwa Jumatatu."

Wakapiga makofi tena. Zakayo akaitaja Ijumaa yake, ile ya kwanza ya likizo ya kiangazi.

"Na siku hiyo kuna filamu nyingine?"

"Zipo, Mheshimiwa. Lakini ushindani kidogo huwa unasaidia ku—"

"Unasaidia nani?"

Jioni hiyo filamu nyingine zote za nchi zikaondolewa kiangazi na kupelekwa masika, na kati ya hizo ilikuwamo Mjomba wa Kukodi, ambayo Zakayo mwenyewe alikuwa ameichagulia Ijumaa hiyohiyo zamani akiwa Mwangaza. Hiyo ilikuwa kazi ya Bi Tunu mwenyewe, aliyoitengeneza kwa kuuza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa habari ya kijana yatima anayetaka kuposa. Hana mzee wa kumsemea, kwa hiyo anamkodi mvivu mmoja wa kijiweni awe mjomba wake kwa alasiri moja. Mvivu anapewa kiti cha heshima na firigisi ya kuku, vinamkolea, anagoma kuondoka. Harusi inapita, watoto wanazaliwa, mjomba yuko kitini bado, anatoa amri, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba muda wake ulikwisha jioni ileile.

Bi Tunu alifika ofisini kwa Zakayo akakaa bila kukaribishwa.

"Nimeambiwa Mjomba wangu ameahirishwa."

"Hajaahirishwa, dada. Amepangiwa majira mengine."

"Masika."

"Masika kuna utulivu."

"Kuna utulivu kwa sababu hakuna watu. Haya wewe ndiye uliyenifundisha." Alikitazama kitambaa cha mezani, kisha akamtazama yeye. "Mdogo wangu, filamu yangu uliiona. Niambie tu kama ni mbaya, nitaondoka kimya."

"Si mbaya. Ni nzuri sana."

"Na hiyo ya kwenu?"

Zakayo akainuka akafunga mlango, kisha akafunga dirisha, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ina tarehe nzuri."

*

Ijumaa ile ilikuwa nzuri kama alivyoahidi. Anga lilikuwa jeupe, watoto walijaa barabarani, na watu walipita mbele ya majumba ya sinema makundi kwa makundi wakielekea kwingine. Waliokuwa wamewasusa wakwe zao wakakumbuka kwenda kuwasalimu. Wengine walihudhuria harusi za watu wasiowajua, wakapika, wakaosha na vyombo. Msiba wa mzee mmoja aliyekuwa hana ndugu ulijaza mtaa mzima.

Ndani ya sinema walikuwamo watumishi wa serikali, walioletwa kwa malori na kufungiwa milango kwa nje wasije wakasumbuliwa. Hata hao, katika jumba moja la pembeni ya mji, walitoroka kupitia dirisha la choo, wakiongozwa na afisa utumishi.

Ikaundwa tume. Mwenyekiti wake, jaji mstaafu, alianza kwa kuuliza kama kuna mjumbe yeyote mwenye mashaka juu ya filamu yenyewe. Hakukuwa na mwenye mashaka. Basi aliyebaki kutuhumiwa ni mmoja tu, tarehe. Na mwenye tarehe alikuwa amekaa pale, shati limemganda mgongoni.

Woga humpa mtu akili ambayo shule haikumpa. "Waheshimiwa," Zakayo akasema, "tarehe ilikuwa sahihi. Kilichokuwa na upungufu ni kiangazi. Kilikuwa kifupi. Wananchi walitaka kuja, kikawaishia."

Tume ikapumua. Waziri akamkumbatia. Baraza la Mawaziri likakutana na kuongeza kiangazi mpaka hapo wananchi wote watakapokuwa wameitazama filamu.

Mvua, ambazo hazikuwa na mwakilishi katika kikao hicho, zilinyesha kwa wakati wake. Redioni mtangazaji wa hali ya hewa akasoma kwamba nchi itakuwa na jua la majimaji. Mwenye mwavuli alisimamishwa na polisi, na jibu lililokubalika lilikuwa moja: "Jua kali, afande." Shule zilibaki zimefungwa. Wakulima waliokutwa wanapanda walionywa kwa kosa la kupanda nje ya majira, na wengi wakaiacha ardhi ikae hivyohivyo. Mto ulipofurika kule bondeni ukasomba nyumba na wenyewe, gazeti la serikali liliandika kwamba wananchi kadhaa wamefariki kwa kuzidiwa na jua.

Sentensi hiyo aliitunga Zakayo. Aliifuta, akaiandika tena, akajiambia kwamba kama si yeye angeiandika mtu mwingine, tena vibaya zaidi. Akaenda kula. Chakula kilipita.

*

Bi Tunu alifungua Mjomba wa Kukodi katikati ya gharika. Polisi alikuja mlangoni, maji yakimtiririka kwenye kofia, akamwambia kwamba filamu yake imepangiwa masika, na masika haijafika.

"Sawa, afande," Bi Tunu alisema. "Niandikie hapa kwamba hii inayotunyeshea ni jua, ninafunga sasa hivi."

Yule polisi akaitazama karatasi. Akafikiri juu ya nyumba yake mwenyewe, ambako asubuhi hiyo alikuwa ameamka na kukuta viatu vinaelea.

"Fungua, mama," alisema. "Na mimi niwekee kiti, nitarudi nikishavua sare."

Watu wakaja. Walikuja wamekunja suruali na kufunga khanga magotini, wamebeba viatu mkononi. Hakuna aliyewaita. Habari ilitoka kisimani ikaenda sokoni, ikatoka sokoni ikaenda vijijini kwa watu waliokatazwa kupanda, ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Walikuwa na njaa, walikuwa na hasira, na hapo Mwangaza alikuwapo mtu kwenye kiti anayeistahili hasira hiyo.

Zakayo alisikia. Alasiri moja alivaa koti la mvua la mlinzi wake, akavuta kofia mpaka puani, akaingia. Maji yalifika vifundoni. Watu walikuwa wamepandisha miguu kwenye viti vya mbele. Mjomba alipoagiza firigisi kwa mara nyingine ukumbi mzima ulisema naye maneno yake kabla hajayasema. Na mwishoni, pale bibi mmoja wa nyumba ile anapomwamsha taratibu, anakichukua kiti, anakipeleka jikoni na kukipasua kuni, watu hawakucheka. Walisimama. Mama mmoja mzee karibu na Zakayo alikuwa analia na kupiga vigelegele kwa pamoja.

Zakayo naye alisimama. Kwa muda mfupi alikuwa mtu wa Mwangaza tena, akahesabu vichwa kwa macho kama zamani, akafurahi kwamba alikosea. Masika, filamu ilikuwa imejaza ukumbi. Kisha akakumbuka gari lilikuwa linamsubiri, akatoka.

*

Habari zilipofika Ikulu, Baba Mlezi alitaka kuiona filamu hiyo. Ikaletwa. Mawaziri wakapangwa nyuma yake, Zakayo akawekwa pembeni ili awe karibu na mlango iwapo atahitajika kukamatwa.

Mjomba alipogoma kuondoka kwa mara ya kwanza, mawaziri wakatazama sakafu. Waziri Lumbanga alifumba macho. Kisha Baba Mlezi akacheka. Alicheka kwa kujishika tumbo, na baraza zima likacheka kwa kujishika tumbo.

"Huyu mjomba ana msimamo," alisema.

"Ana msimamo sana," wakasema.

"Na kiti kile, kama si yeye, nani angeweza kukikalia?"

Wakatafuta kwa macho nani angeweza, hakupatikana. Baba Mlezi akainuka kwenda kula kabla filamu haijaisha. Mwisho wake aliuona Waziri peke yake, uso ukamgeuka rangi ya majivu baridi.

Asubuhi ikatolewa amri. Kwa kuwa Mjomba wa Kukodi ilikuwa imeeleza kwa ufasaha falsafa ya Baba Mlezi, ilikuwa dhahiri kwamba imetungwa na Baba Mlezi. Itafunguliwa kiangazi kijacho, Ijumaa ya kwanza ya likizo, nchi nzima. Bibi na kuni zake wataondolewa; badala yake familia itamshukuru mjomba na kumwongezea mto wa kuegemea.

Zakayo ndiye aliyetumwa kuichukua. Alimkuta Bi Tunu nyumbani anachambua mchele.

"Dada, wakija wao watavunja. Nikija mimi, angalau..."

"Angalau nini?"

Bi Tunu akapuliza pumba, akaweka ungo chini.

"Mnaifungua lini?"

"Kiangazi. Ijumaa ileile niliyokuwa nimekuchagulia wewe zamani."

Hapo Bi Tunu akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia mgonjwa akiagiza pilau. "Chukua, mdogo wangu. Mikanda iko uvunguni. Mwangaza mniachie, maana inavuja."

Akamwachia. Jioni hiyo televisheni ilimwonyesha Zakayo amesimama bega kwa bega na Waziri, ameikumbatia mikanda kama mtoto wa kubatizwa, na uso wake, ambao nchi haikuwa ikiujua, ukajulikana kila nyumba. Wakaurudia kwenye mabango.

*

Kiangazi kikaja, kile cha kweli. Ijumaa ikafika. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani tangu alfajiri yakiwataka wananchi wakaone filamu waliyoipenda wenyewe. Hawakwenda. Zakayo alizunguka sinema moja baada ya nyingine akakuta wafagiaji. Mwishowe akaingia kwa kinyozi wake, mtu aliyekuwa akimwigiza mjomba kila alipokuwa ananyoa.

"Mbona hujaenda?"

"Kwenda wapi, Mkurugenzi?"

"Mjomba wa Kukodi. Si uliipenda?"

"Niliipenda ile ya mvua. Hii ni ya serikali."

"Ni ileile."

Kinyozi akamfunga shuka shingoni kwa adabu. "Kama ni ileile," alisema, "kwa nini inatuita?" Akaanza kunyoa, na siku hiyo hakuigiza mtu yeyote.

Tume ikakaa. Jaji mstaafu akauliza tena kama kuna mwenye mashaka juu ya filamu. Na sasa kwa kuwa mtunzi alikuwa Baba Mlezi, hata swali lenyewe lilimtoa jasho. Tarehe ikahukumiwa. Safari hii Zakayo alifungua kinywa, na akili ile ya woga haikuja. Alisikia kufukuzwa kwake kwenye taarifa ya habari ya mchana, baina ya bei ya pamba na salamu za rambirambi. Dereva, aliyekuwa anasikiliza redio hiyohiyo, alisimamisha gari akamwomba ashuke.

*

Masika iliyofuata hakuna aliyethubutu kuiita jua. Bi Tunu alikuwa na filamu mpya, habari ya jogoo na majirani wawili, na alasiri ya kwanza foleni ilitoka Mwangaza ikapita soko la vitenge ikafika mabuchani, kwenye mvua, kama kwamba ni Ijumaa ya likizo.

Zakayo alikuja kwa miguu. Alikuwa amekonda, hana kazi, hana wa kumtembelea, na kwa siku nyingi alikuwa amefikiri kwamba akikaa tu ndani ya ukumbi ule, miguu majini pamoja na wengine, kitu fulani ndani yake kitapona. Hakuomba kupita mbele. Alisimama mwisho wa foleni, nyuma ya mama aliyejifunika khanga kichwani.

Yule mama akageuka, akamtazama, akageukia mbele. Akamnong'oneza aliyemtangulia. Huyo akageuka. Mnong'ono ukasafiri mpaka mlangoni.

Mama akakumbuka ameacha sufuria motoni. Mzee mmoja akakumbuka dawa. Wawili wakakumbuka wakwe. Hakuna aliyelaumu wala kutukana. Walitoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakiinamisha vichwa kama watu wanaopita mbele ya kaburi, na mara Zakayo akajikuta peke yake barabarani, na mbele yake, mbali, Bi Tunu amesimama mlangoni na tiketi mkononi.

Akamkimbilia. "Dada, mimi nimefukuzwa. Wewe si unajua? Sina cheo, sina gari, sina lolote."

"Najua."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba wewe si wa serikali?" Bi Tunu alitazama barabara tupu. "Nikianza kuwatolea matangazo, na mimi hawatakuja tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda nyumbani, Zakayo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Zakayo akageuka akawafuata watu kwenye mvua, akikanyaga madimbwi, akisema kwa sauti kubwa kwamba yeye si wa serikali, walimwondoa, wasikilize, si wa serikali. Akamfikia yule mama mwenye khanga, ambaye alikuwa mtu mwenye adabu zake.

"Ndiyo, Mheshimiwa," mama akasema, akaongeza mwendo.

Mbele yake wenzake walikuwa wanakata kona kwenye uchochoro wa nyuma ya soko. Zakayo aliujua uchochoro huo vizuri. Ulizunguka vibanda vya vitenge na kutokea kwenye mlango wa uani wa Mwangaza. Akasimama mvuani, akasikiliza mlango ukifunguliwa.